Chale ya Ishirini na Nane

Marlden, 20 Juni 1731

Dada Damaris,

Hujambo, na shemeji Enoch hajambo? Sisi tu wazima wa mwili. Ng'ombe mwekundu alizaa Jumanne, ndama jike, mweupe usoni. Nyuki wamehama mzinga wakajitia kwenye dari ya kanisa, na kasisi anataka niwatoe mimi, eti kwa kuwa mimi ni karani wake na tena fundi wa mapipa, kana kwamba nyuki ni mapipa. Mvua haijanyesha tangu Pentekoste.

Nimeandika hayo kwanza kwa sababu sijui nianze vipi yale mengine. Mmemzika mwanao Ezra nami sikuwepo. Najua ulinitafuta kwa macho kaburini na hukuniona. Wanaume wa Oxbourne walituma neno kwamba mtu wa Marlden atakayekanyaga makaburi yenu atalazwa humo humo. Huo ni udhuru, dada, wala sidai kuwa ni sababu.

Nataka shauri la mkaguzi wa vifo likufikie kutoka kwangu kabla halijafika kwa midomo ya watu. Alikaa na wazee wa baraza kumi na wawili ndani ya kilabu chetu cha pombe, mwanao akiwa amelazwa juu ya meza ndefu. Walichotaka kujua ni kimoja: siku ile ya mchezo wa gongo kati ya Marlden na Oxbourne, mwanangu Jethro alimpiga Ezra mchezo ukiendelea, au alimpiga mchezo ukiwa umesimama? Umekulia uwanjani, huna haja ya kuelezwa. Mwenye gongo anakimbia awahi kutia ncha ya gongo lake kwenye kishimo kilicho kati ya vile vijiti viwili, na mwenye mpira naye anawahi kutia mpira humo humo. Vidole vimesagwa kwenye vishimo hivyo tangu enzi za babu, na hajashtakiwa mtu.

Mashahidi walipingana, basi wakataka fimbo ya mkata chale, yule anayehesabu mbio kwa kisu. Ya kwenu haikuwepo, maana Mzee Pilcher alinyang'anywa fimbo yake katika ile vurugu iliyozuka uwanjani, ikavunjwa, na yeye akavunjwa mtulinga. Ilibaki yangu. Wakahesabu chale, moja kwa kila mbio iliyotimia: mbili ndefu za kufungia kila kumi, na saba fupi baada yake. Ishirini na saba. Kwa hiyo mbio ya ishirini na nane ilikuwa bado haijatimia, Jethro alikuwa bado anakigombea kishimo, na kichwa cha Ezra kilikuwa kimeinama juu yake. Wazee wakasema ni ajali ya mchezo. Jethro aliachiwa siku ileile.

Chakula hali sawasawa, na akizungumzishwa anaondoka. Nimempa mchukuzi jibini moja akuletee. Nakuombea faraja.

Kaka yako,
Silvanus Tickner


Oxbourne, 11 Julai 1731

Kaka Silvanus,

Jibini lilifika. Panya wa mchukuzi walilionja kwanza, kwa hiyo shukrani zangu ugawane nao. Enoch anakohoa kwa moshi wa tanuri la chuma. Humphrey yuko kwenye nyundo kubwa tangu alfajiri, anapiga zamu yake na zamu ya marehemu mdogo wake. Shati la Ezra amelitundika juu ya kitanda chake na amenikataza kulifua.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni nzuri, ina nyuki na ndama. Sasa nisikilize mimi.

Mliniletea mwanangu juu ya mkokoteni wa nyasi kavu, nikamwosha kwa mikono yangu, sikumruhusu jirani yeyote amguse. Alikuwa na majeraha mawili. Moja kisogoni, chini kabisa, pale shingo inapoanzia. La pili juu ya sikio la kushoto, nalo lilikuwa limezama kiasi cha kuingia vidole vyangu viwili. Nikatoa nyasi humo ndani. Nikatoa na mfupa. Kisha nikaosha mikono yake, na vidole vyote kumi vilikuwa vizima, Silvanus. Hata ukucha mmoja haukuwa umepasuka. Mtu aliyetia mkono kwenye kishimo gongo likamshukia anabaki na vidole kumi? Baba yetu alikufa ana saba, na mimi na wewe tunajua vile vitatu alivipoteza wapi.

Tena, gongo moja linalofuata kishimo linapataje kupiga mara mbili?

Mzee Pilcher nimekwenda kumwona. Analia tu, anasema jua lilikuwa kali na watu walisimama mbele yake. Sijui kama haoni au hataki. Lakini wewe unaona. Baba alitufundisha pamoja, mimi na wewe, tumekaa kwenye gogo moja na visu vyetu: macho kwenye kishimo, kisu juu ya fito. Gongo likiingia, kata. Usiwahi, usichelewe. Ulikuwa mzuri kuliko mimi na ulipenda kunikumbusha.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja, na usinijibu kwa ng'ombe. Jethro alikuwa ameshafika kishimoni au hakuwa amefika? Ulikata ya ishirini na nane au hukuikata?

Dada yako,
Damaris Fowle


Marlden, 2 Agosti 1731

Dada mpenzi,

Barua yako imenikuta kitandani, mgongo umenikamata. Nimekawia kujibu kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mavuno, na kwa sababu ya mapipa. Mpe Enoch asali hii kwa kikohozi. Ni ya wale nyuki wa kanisani, nimewatoa na wameniuma jichoni, kasisi akacheka mpaka akakaa chini. Binti wa jirani yetu Hollands ameolewa na mvuvi wa huko pwani, mfupi kama gogo la kukalia, lakini anasema ana mashua.

Kuhusu lile uliloniuliza, jua lilikuwa machoni pangu. Watu walikuwa wengi, na walikunywa tangu asubuhi. Mambo mengi yalitokea kwa wakati mmoja. Mkaguzi wa vifo ni mtu msomi, na wazee kumi na wawili si watoto. Kwa nini unihoji kama mwizi wa kuku? Mimi nimepoteza mpwa. Mimi ndiye niliyembatiza kwa maji ya kisima, kasisi wa zamani alipokuwa amelewa, umesahau?

Na Jethro ni nani kwako, Damaris? Mke wangu alipokufa siku ya kumzaa, ni wewe uliyetembea maili kumi na nane kwenye matope, Ezra mgongoni, ukamchukua Jethro ukamweka kwenye ziwa lako la pili, ukawanyonyesha wote. Miaka miwili walilala kwenye kitanda chako. Nakubali ana hasira. Wiki iliyopita alimpiga mtu ngumi kilabuni kwa kumwangalia tu, meno mawili yakatoka, na ni mimi niliyekwenda kuomba radhi kwa wazazi wake. Lakini hasira si mauaji. Na sheria haina ziwa, haina mpwa. Ikimshika mtu inamtundika.

Maji yakimwagika hayazoleki. Muache Ezra apumzike, na sisi tupumzike.

Silvanus


Oxbourne, 20 Agosti 1731

Silvanus,

Asali imefika, Enoch ameilamba yote, kikohozi kiko palepale. Nakujibu kwa haraka kwa sababu mchukuzi anasubiri mlangoni na anataka kuondoka kabla watu hawajajua kuwa anatoka Marlden.

Huenda umesikia, au huenda mgongo umekuzuia kusikia hata hilo. Jumamosi vijana wa kiwandani walimkamata Noah Hollands, mwendesha mkokoteni wenu aliyeniletea mwili wa Ezra, pale kivukoni. Walimpeleka kwenye karakana, wakamlaza mkono juu ya fuawe, wakamuuliza vidole vya Ezra vilikuwaje. Wakashusha nyundo. Kelele zake nilizisikia nikiwa nakamua maziwa. Siku tatu baadaye watu wenu wakaja wakawakata mishipa ya miguu maksai wawili wa Enoch, tukawakuta wanajikokota kwa magoti ya mbele, na Humphrey ndiye aliyewamaliza kwa shoka. Alifanya kazi ile kwa utulivu, akanawa, akala chakula chote. Nimemzaa mwenyewe na niliogopa kumwangalia.

Sasa wakubwa wa parokia zote mbili, badala ya kutufungia ndani kila mtu kwao, wamepanga mchezo wa marudio siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, hapa kwetu. Wanasema utaponya. Mzee Pilcher hawezi kuinua mkono, na hakuna mwingine anayejua kukata, kwa hiyo wameniomba mimi. Wengine walisema mwanamke asikae kwenye gogo la wakata chale. Nikawaambia basi watafute ng'ombe dume mwenye kisu. Nitakaa karibu yako.

Humphrey atacheza. Ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani kama umejibu. Ataamini nitakalomwambia mimi, maana sijawahi kumdanganya. Kwa hiyo nisikilize vizuri, kaka. Ukiniapia kwa kaburi la mama kwamba mbio haikuwa imetimia, nitamwambia mdogo wake alikufa mchezoni, na atatulia. Ukiniambia ilikuwa imetimia, umpeleke Jethro mwenyewe kwa hakimu, nami nitamwambia Humphrey sheria inafanya kazi, aiache ifanye. Kwa moja nitamshika kwa neno lako, kwa jingine nitamshika kwa sheria. Lakini ukiendelea kunyamaza, nitamshika kwa lipi?

Na vyovyote itakavyokuwa, usimlete Jethro.

Damaris


Marlden, 14 Septemba 1731

Dada yangu,

Hatujambo. Leo sina habari nyingine.

Niliikata.

Jethro alipiga mpira mbali hadi kwenye mti wa mwisho, akakimbia, akatia gongo ndani ya kishimo, mwamuzi akainua mkono, na mimi nikakata ya ishirini na nane. Kisu kilikuwa kimeshatoka kwenye fito. Ezra alifika na mpira mkononi amechelewa, akaanguka kwa magoti, anacheka. Unajua alivyokuwa. Akamwambia Jethro, kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima: "Miguu hiyo ni maziwa ya mama yangu. Umekunywa bure miaka miwili, leo unatukimbilia nayo?"

Watu wakacheka. Watu wetu pia walicheka, na mimi nilicheka, Damaris. Ilikuwa ni utani wa ndugu. Ezra akainuka, akageuka amrushie mrushaji mpira, na Jethro akampiga kisogoni. Alianguka kifudifudi. Nilidhani itaishia hapo. Jethro akamgeuza kwa mguu, akaangalia kama yu hai, akainua gongo tena. Mlio wa ile ya pili ninausikia kila ninapogonga pete ya pipa, na mimi kazi yangu ni kugonga pete za mapipa.

Kisha watu wote wakaingia uwanjani. Wenye magongo kwa magongo, wasio nayo wakang'oa vijiti. Mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikiwa na fimbo kwapani. Nikachonga nyingine, fito ya mti uleule, chale ishirini na saba, nikaipaka matope ionekane imeshikwa. Ile ya kweli niliichoma. Sikuwaza juu ya Ezra hata mara moja wakati nikichonga. Niliwaza tu shingo ya Jethro.

Sasa unajua. Siwezi kumpeleka kwa hakimu. Nimefika mpaka lango lake mara mbili nikarudi. Ninaye mmoja tu. Nilimwambia Jethro aende baharini, nikamfungia mkate na nguo, akavitupa kisimani. Anasema asipokuja kucheza kwenu watu wote watajua. Nilijaribu kumfungia ndani, akanishika koo akanisukuma ukutani, mimi baba yake. Atakuja, Damaris, na mimi sina nguvu ya kumzuia.

Choma barua hii. Mshike Humphrey. Mwambie ilikuwa ishirini na saba. Uongo ni wangu, wewe upitishe tu. Nakupigia magoti hapa nilipo.

Silvanus


Marlden, 9 Oktoba 1731

Damaris,

Natumai Enoch anapata nafuu. Mvua imeanza, barabara haipitiki, sijui barua hii itakufikia lini.

Nimemzika Jethro karibu na mama yake. Walikuja watu wachache. Nilichimba mwenyewe sehemu kubwa, kwa kuwa mchimbaji wetu alipigwa jiwe siku ileile kwenu na haoni kwa jicho la kulia.

Utakuwa umeshaambiwa niliyoyasema mbele ya mkaguzi, lakini nataka uyasikie kwangu. Alikuwa ni yuleyule. Wewe hakukuuliza, wala fimbo yako hakuitaka, alisema mama haapishwi katika jambo la mwanawe. Akaniuliza mimi kama mbio ya Humphrey ilikuwa imetimia. Nikasema haikuwa. Nikamwonyesha fimbo, na fimbo ilikubaliana nami, maana safari hii nilikuwa nimeshikilia kisu hewani sikukata. Nikasema mwanangu aliinama kwenye kishimo na mpira, na gongo likamshukia. Baba wa marehemu akisema ni ajali, nani atabisha? Aliniangalia kwa muda. Nadhani alijua. Lakini aliandika.

Sikufanya hivyo kwa wema, usinipambe. Nilichoka tu. Niliona kamba, nikaona Humphrey akining'inia, nikaona haitamrudisha Jethro kwangu. Basi.

Nina maswali mawili, nayo hayanipi usingizi. La kwanza, ulimsomea barua yangu? Kama ulimsomea, basi ni mimi niliyemuua mwanangu kwa wino, na ninataka kujua. La pili. Tulikaa gogo moja, lakini wewe ulikaa upande wa kishimo, hatua sita tu. Mimi macho yangu siku hizi yana ukungu tangu wale nyuki. Nilimwona Humphrey ameinua gongo na nikaona halishuki. Lilikaa juu, Damaris. Lilikaa juu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kwa nini hukumwita?

Silvanus


Oxbourne, 3 Novemba 1731

Kaka Silvanus,

Enoch amefariki Jumapili, kifua. Nimekuandikia hapa juu ili usiulize. Barua yako ilikaa siku kumi na tano kwenye nyumba ya mchukuzi kwa ajili ya matope, nikaipata siku ya maziko.

Swali lako la kwanza ni jepesi. Sikumsomea. Niliichoma siku ileile kama ulivyoniomba, na hakuna aliyeiona ila mimi na moto. Wino wako haukumuua mtu.

Lakini wala sikumwambia ishirini na saba. Siku ya kuamkia Mtakatifu Mikaeli alikuja jikoni, mimi nakanda unga. Akasimama. Akaniuliza: "Mama, mjomba amejibu?" Nikaendelea kukanda. Akauliza tena, taratibu, maana ni mtoto mpole, yeyote atakayekwambia vinginevyo hamjui. Nikamwambia asogee anipishe nifike kwenye chumvi. Akasogea. Alikaa hapo mpaka mkate ukaingia tanurini, kisha akaenda kulipaka mafuta gongo lake. Nilikuwa na neno la kumshika, ulikuwa umenipa mkononi, nami nikamnyima. Nilijiambia sitaki kumdanganya mwanangu. Mimi, mtu mkweli. Ukweli wenyewe pia sikumwambia.

Sasa la pili. Ulivyoona ndivyo ilivyokuwa. Humphrey alitia gongo kishimoni, mbio ikatimia, mwamuzi akainua mkono. Jethro alikuwa nyuma ya vijiti. Mpira ukamfikia umechelewa, lakini akainama nao kwenye kishimo hivyo hivyo, kwa mazoea tu, kama tulivyowafundisha wote. Shingo yake ilikuwa wazi. Ana alama pale, nyekundu, ya kuzaliwa. Nilikuwa nikiibusu akigoma kulala. Humphrey akainua gongo.

Halikushuka kwa sababu alikuwa ananiangalia mimi.

Hakumwangalia Jethro, wala watu. Aligeuza kichwa akaniangalia mama yake kwenye gogo, kama alivyokuwa akiniangalia alipokuwa mdogo kabla ya kuchukua kitu mezani. Alikuwa ananiuliza. Ningetikisa kichwa angelishusha chini, Silvanus. Nisingehitaji hata kuita. Na kama ningeita, nilikuwa na majina mawili ya kuita, na lolote kati ya hayo lingetosha. Ningesema Humphrey, angeacha. Ningesema Jethro, angeinuka.

Nilimwona Ezra juu ya mkokoteni. Nilihisi nyasi zile kwenye vidole vyangu. Nikainamisha macho kwenye fimbo yangu nikaikata chale, polepole, vizuri, mpaka mwisho. Niliposikia ule mlio nilikuwa bado sijainua uso. Kisha wa pili. Alipiga mara mbili kwa kuwa mdogo wake alipigwa mara mbili, na kati ya ule wa kwanza na wa pili pia kulikuwa na muda.

Wewe ulidanganya mara mbili kwa ajili ya watoto, mmoja wako na mmoja wangu. Hukunidanganyia mimi, maana hakuna aliyeuliza mimi nilifanya nini. Watu hapa wananipa pole. Wananiletea mayai. Kasisi anasema nimebeba msalaba mzito.

Humphrey anakula vizuri. Ameanza kuimba tena kazini. Jana alinishika bega akaniambia, "Mama, tulifanya sawa." Alisema tulifanya, na sikumsahihisha.

Damaris